Wazima wa Kadi

Sehemu ya sita

Kwa ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nakusogeza upesi. Mimi ni Immakulata wa Kitahana, Kibondo. Mume wangu Stanislaus yuko machimboni tangu masika. Kaniacha na mtoto anyonyaye, Keza, na mama mkwe wangu, na wifi yangu Theodosia. Walikuja watafiti kutoka Kasulu kutafuta watu wenye afya, wasio na ugonjwa wowote, wawajaribie vidonge vipya vya kuzuia malaria. Theodosia alipokelewa. Mimi nilikataliwa kwa sababu nanyonyesha. Niliishia pale bombani, Theodosia aliponyanyua ndoo, jua likampiga usoni, nikayaona macho yake.

Yalikuwa ya njano. Njano ya kiini cha yai.

"Wifi, tua ndoo."

"Kuna nini?"

"Tua nikuangalie macho."

"Makubwa! Madarasa ya jioni siku hizi yanatoa na udaktari?"

"Macho yako yana rangi, Theodosia."

"Ni mawese. Nimekula mawese mengi."

"Mawese yanaingia tumboni. Hayaingii machoni."

"Kwa sisi tuliopimwa yanaingia popote," akanijibu, akajitwika ndoo yake, akaondoka zake.

Nikamfuata. "Na mkojo je?"

Akasimama ghafla mpaka maji yakamwagika begani. Akageuka kuangalia kama wanawake wa bombani wamesikia.

"Immakulata! Unaniuliza mkojo njiani?"

Akiniita kwa jina, ujue wifi imekufa.

"Ukoje?" nikarudia.

Akanisogelea. Sauti ikashuka. "Kama chai ya rangi. Tangu wiki iliyopita. Na ukimwambia mtu, nitasema umechanganyikiwa kwa kukaa bila mume."

Msomaji, utajiuliza kwa nini msichana wa miaka ishirini na mbili aufiche ugonjwa kama mtu anavyoficha kitu cha wizi. Ni ile kadi.

Watafiti walipoanza kupima, watu walikuja karibu mia mbili, wakapokelewa arobaini. Kila aliyepokelewa alipewa kadi yenye picha yake, namba yake, na maneno haya: MSHIRIKI MWENYE AFYA NJEMA. Kadi ile ilikuwa ya kuonyesha kituoni ukienda kupimwa. Basi. Haikuwa na kazi nyingine duniani.

Lakini watu wetu wakiona picha na muhuri, akili inaomba ruhusa inaondoka.

Kanisani, wenye kadi wakaanza kukaa mstari wa mbele wa kwaya, hata wasiojua kuimba. Jirani yetu mmoja alikataliwa kwa sababu ya shinikizo la damu, mkewe akapokelewa. Tangu siku hiyo katika nyumba ile anayenyanyua sauti ni mke. Wakigombana shambani unasikia, "Nyamaza wewe, una kadi?" Watu waliokuwa wanacheka pamoja kwenye mihogo wakagawanyika, wazima wa kadi huku, sisi wengine kule. Nao hawakufanya kazi yoyote kuipata hiyo afya. Wamezaliwa nayo, kama mtu azaliwavyo na masikio makubwa.

Aliyeipandisha kadi juu kuliko wote ni mama mkwe wangu. Aliitundika ukutani, chini kidogo ya picha ya Bikira Maria. Sina hakika kama ile "kidogo" ilitoka moyoni.

Naye alikuwa na sababu. Kuna familia ya Gwarama iliyokuwa inamtaka Theodosia kwa kijana wao, kisha ikasita. Walisikia shangazi yake alikuwa na kifafa, wakasema ukoo huu una ugonjwa. Mwaka mzima kimya. Mama mkwe akawapelekea picha ya kadi kwa simu. Wiki haikuisha, Gwarama wakajibu. Wanakuja Jumamosi kumwona binti na kuzungumza.

Kwa hiyo afya ya Theodosia haikuwa mali yake tena. Ilikuwa imeshachumbiwa.

Sasa niseme la kwangu, maana kwa wiki tano nimekuwa hodari wa kuwasema wengine.

Kila mshiriki alitakiwa kutembelewa kila siku kwa siku ishirini na nane. Kuna fomu yenye maswali kumi na mawili. Homa ipo? Kichwa? Kutapika? Mwili kuwasha? Macho yamebadilika rangi? Mkojo una rangi gani? Unauliza moja, unasubiri jibu, unaandika. Unauliza la pili.

Kazi hiyo alipewa Mudathiri, mtoto wa mwenye duka la vitenge Kibondo mjini. Alipata semina ya siku mbili na pikipiki. Pikipiki aliipenda. Maswali aliona yanamshusha hadhi.

Siku ya tatu aliniona nikimsomea jirani barua ya shule ya mwanawe.

"Shem, kumbe unasoma hivi?"

"Nimemaliza kidato cha pili, madarasa ya jioni. Nataka nifike cha nne, niende uuguzi."

"Na mwandiko?"

Nikamwonyesha daftari. Akapiga mluzi.

"Shem, wewe unaozea hapa. Nisaidie hizi nyumba tisa za Kitahana. Mimi nitakuombea nafasi kituoni. Wanahitaji wasaidizi wenye mwandiko kama huu."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilimbeba Keza mgongoni, nikachukua fomu tisa na kalamu ya wino mweusi, nikajiona tayari nimevaa viatu vyeupe.

Alinifundisha hivi. Anasimamisha pikipiki barabarani, hazimi injini. Anapiga kelele kuelekea migombani, "Mwakeye! Hamjambo huko?" Migombani wanajibu, "Amahoro! Hatujambo!" Ananigeukia. "Umesikia? Andika sifuri zote. Twende."

Wewe uliyezaliwa kwetu unajua. Kwetu mtu akisalimiwa anajibu ni mzima. Hata kama amelala mkekani hajala siku mbili, anajibu ni mzima, kwa sababu salamu ni salamu. Mpaka mgeni aketi, aletewe maji, aulizwe habari za barabarani, naye aulize za mashamba na za ng'ombe na za walioko mbali, ndipo mwenye nyumba anasema taratibu, "Ila huu mgongo, tangu Jumapili..." Mtu wa pikipiki inayonguruma hatamwambia chochote.

Nililijua hilo. Mudathiri anaweza kudai kwamba kwao ni watu wa kuja kutoka pwani, kwao mambo ni mengine. Mimi sina cha kudai.

Wiki ya pili hata kupiga kelele akaacha. Aliniachia fomu, nikazunguka peke yangu. Ningeweza kuketi. Ningeweza kuuliza yote kumi na mawili. Lakini nimwulize baba wa rika la mkwe wangu rangi ya mkojo? Niliona haya. Nikasalimia, nikaitikiwa, nikaandika sifuri. Na wifi yangu, ninayekula naye sahani moja, nilimjazia fomu yake jikoni huku nakoroga ugali. "Hujambo wifi?" "Sijambo." Sifuri kumi na mbili. Nilizichora vizuri, duara kamili, hakuna iliyogusa mstari.

Ndugu msomaji, nilijivunia zile sifuri.

Siku ile ya bombani nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe anachambua maharage.

"Mama, Theodosia anaumwa. Macho yake ni ya njano."

Hakuinua uso. "Mawese."

"Si mawese, mama. Huo ni ugonjwa wa ini. Tumesoma. Na Ijumaa hii anamezeshwa vidonge vya awamu ya pili. Kama ni vile vya kwanza vimemdhuru, hivi vya pili vitammaliza."

Hapo akainua.

"Yemwe! Mtu aliyekataliwa na mashine leo anampima aliyekubaliwa na mashine?"

"Nilikataliwa kwa sababu nanyonyesha. Si kwa ugonjwa."

"Waliokataliwa wote wana sababu. Yule wa presha naye ana sababu."

"Mama, huyu ni mtoto wako."

"Ni mtoto wangu ndiyo. Mwaka mzima watu wa Gwarama wametuona sisi ni ukoo wa kuanguka-anguka. Leo Mungu ametuandikia kwenye kadi kwamba ni wazima, wewe unataka kufuta? Mwanamke mwenzako akiolewa vizuri unapungukiwa nini?"

Theodosia alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwangalia aseme. Alimchukua Keza mapajani pangu, akamrusha juu kidogo, mtoto akacheka. Anampenda mwanangu kuliko kitu. Mikono yake ilikuwa na alama za kujikuna, nyekundu, mpaka kwenye viwiko.

Kesho yake nikaenda Kibondo mjini, dukani kwa baba yake Mudathiri. Nilimkuta ameegemea vitenge anachezea simu.

"Shem wangu mwenyewe! Karibu. Chukua kiti."

"Mudathiri, Theodosia ana manjano. Simamisha vidonge vya Ijumaa."

Akacheka. Aliona sicheki, akaacha.

"Nani kasema?"

"Macho yangu."

"Macho yako yana cheti?"

"Njoo uone mwenyewe. Ni dakika ishirini kwa pikipiki."

"Tulia, shem." Akainama chini ya kaunta, akaniwekea mbele bahasha, akatoa nakala za fomu. "Soma hapa. Mshiriki namba thelathini na moja. Siku ya nne sifuri. Ya tano sifuri. Ya kumi na saba, sifuri tupu. Huyu mtu ni mzima kuliko mimi na wewe. Leo niende Kasulu niseme ghafla ana manjano? Manjano yanaanza siku moja?"

"Zile sifuri tulitunga."

"Tulitunga?" Akaweka kidole kwenye karatasi. "Huu mwandiko wangu?"

Nikaangalia duara zangu.

"Mimi naandika kama kuku, shem, kila mtu anajua. Huu ni mwandiko wa mtu aliyesoma. Sasa nenda kamwambie daktari. Atakuuliza, nani kajaza? Useme nini? Na zile ndoto zako za uuguzi ndiyo kwaheri."

Kisha, kama mtu anayempa mtoto pipi baada ya kibao, akalainisha sauti.

"Jina lako nimeshalipeleka. Mwezi ujao wanachukua wasaidizi wawili. Unataka kuniharibia mimi, ujiharibie na wewe, kwa ajili ya macho? Ijumaa atameza, Jumamosi ataposwa, sote tutakula pilau. Yeye mwenyewe amelalamika?"

"Hapana."

"Basi wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

Nimewahi kuona watu wabaya. Mudathiri hata ubaya wenyewe hauwezi, anauonea uvivu. Angeweza kumwokoa mtu kwa kupanda pikipiki dakika ishirini, akaona heri abaki na simu yake. Nilitoka pale namdharau mpaka mate yakawa machungu.

Halafu nikafanya nini? Nikarudi nyumbani, nikakaa kimya siku mbili.

Hilo ndilo nililokuja kuliungama leo. Siku mbili. Nilikuwa nawaza ile nafasi ya msaidizi. Nilimwona Theodosia akiacha chakula, nikajiambia labda ni woga wa wakwe. Nilimwona akijisugua mgongo kwenye nguzo ya ukumbi kama ndama, nikajiambia labda ni joto. Mtu aliyesoma ana maelezo mengi kuliko mjinga, ndiyo tofauti.

Jumatano mchana alikuwa anampikia Keza uji. Mwiko ukamtoka mkononi. Akashika ukuta, akashuka nao taratibu mpaka chini. Nilipomfikia alikuwa anatabasamu.

"Sijambo," akasema, kabla sijamuuliza kitu.

Alhamisi asubuhi niliaga kwamba naenda Kasulu kuulizia cheti changu cha madarasa ya jioni. Keza nikamwachia Theodosia, ili wasishuku.

Kituo chao pale Kasulu ni nyumba ya kupanga yenye ukuta mweupe. Mlinzi akaniuliza mara tatu nina kadi gani. Nikamwambia sina kadi, nina maneno. Akanikalisha juani kama shehena ya mtu asiyejulikana.

Saa sita akatoka Daktari Mwanahawa mwenyewe, mkuu wa utafiti, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Akaniona, akaangalia saa.

"Kama ni habari ya posho ya nauli, ni Jumatatu."

"Sikuja kwa posho, daktari. Mshiriki namba thelathini na moja ana manjano. Anajikuna, mkojo ni kama chai, jana ameanguka. Kesho asubuhi Mudathiri anampelekea vidonge."

Uso wake ulibadilika. Nitampa haki yake, ulibadilika. Akaniingiza ndani, akafungua kabati, akatoa faili, akapekua.

"Haiwezekani. Ana ripoti za siku ishirini na tano. Hakuna hata kuumwa kichwa."

"Ripoti ni za uongo."

"Unajuaje?"

Mbele yangu kulikuwa na kalamu. Niliichukua, nikachora sifuri moja pembeni ya karatasi ya meza. Nikaisukuma kwake. Akaiangalia. Akaangalia faili. Akavua miwani.

"Wewe ni nani hasa?"

"Mimi ni wifi yake. Nilikataliwa kwenye utafiti kwa sababu nanyonyesha. Fomu za Kitahana nimejaza mimi, nyumba zote tisa. Mudathiri alinipa."

"Na ulipokuwa unawauliza, walikujibu nini?"

"Sikuwauliza. Niliwasalimia."

"Niliwasalimia," akarudia, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Kwa hiyo hizi zote ni salamu? Nimepeleka Dar es Salaam ripoti ya salamu?"

"Ndiyo, daktari."

"Kwani mtu wa kwenu akiulizwa anaumwa, hajui kusema anaumwa?"

"Anajua sana. Lakini anamwambia aliyeketi. Mtu wenu alikuwa hazimi injini."

Nilingoja matusi. Hakuwa na muda wa matusi. Alifungua kasha dogo la chuma kwenye kona, akatoa rundo la bahasha zilizofungwa kwa gundi, akatafuta moja.

"Unajua hii ni nini?"

Nilikuwa najua. Siku ya kwanza kabisa walituambia: nusu ya washiriki watapewa vidonge vyenye dawa, nusu vidonge vinavyofanana navyo visivyo na kitu. Nani amepata nini ni siri hata kwa daktari, iko ndani ya bahasha, haifunguliwi ila kwa hatari ya maisha. Tuliambiwa, tukaitikia kwa vichwa, tukasahau siku hiyo hiyo. Wenye kadi wote wanaamini wamemeza dawa.

Akaipasua namba thelathini na moja.

Akasoma. Akasoma tena. Kisha akapumua, akajiegemeza kwenye kiti, na nikaona kitu ambacho sitakisahau.

Alitabasamu.

"Wifi yako hakumeza dawa," akasema. "Vidonge vyake ni unga mtupu. Wanga na sukari kidogo. Hata ukimpa mtoto havina neno." Akaweka bahasha mezani, akaipigapiga kwa kiganja, polepole, kwa mapenzi. "Alhamdulillah. Dawa yetu haina kosa."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Na macho yake?"

"Macho yake ni suala la hospitali sasa. Mpelekeni hospitali ya wilaya mara moja. Sisi tutamwondoa kwenye orodha."

"Daktari, ameanguka jana."

"Nimekuelewa. Ila si kwa sababu yetu."

Ndipo nikaelewa. Mama mkwe alitaka binti wa kadi, Mudathiri alitaka fomu safi, na huyu mwenye digrii na miwani ya kamba alitaka dawa isiyo na kosa. Mimi nilitaka viatu vyeupe. Theodosia mwenyewe, mwenye ini na ngozi na macho, hakuna aliyemtaka. Nilimdharau yule mwanamke pale kwenye kiti chake kuliko nilivyomdharau Mudathiri, maana yeye alikuwa anajua kilicho ndani ya mwili wa mtu.

"Unaitwa daktari wa nini?" nikamuuliza.

"Samahani?"

"Nauliza. Wa watu, au wa vidonge?"

Masikio yakamwiva. Halafu akavaa miwani, na sauti iliyotoka ilikuwa nyingine.

"Kaa," akasema. "Kama si vidonge, kuna kitu kingine kinamuunguza ini. Virusi, au anakunywa kitu. Anakunywa nini nyumbani?"

"Maji. Uji. Anachokula nakula mimi."

"Una hakika?"

Nilifungua mdomo kusema nina hakika. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa na hakika kwa siku ishirini na tano.

Nikatoa simu, nikampigia mama mkwe, nikaweka sauti ya juu daktari asikie.

Iliita mara nyingi. Ilipopokelewa nilisikia kelele za watu, vyombo, na vigelegele.

"Mama, kuna nini huko?"

"Mama Keza! Uko wapi wewe, siku kama hii? Gwarama wamekuja!"

"Si Jumamosi?"

"Jumamosi wana msiba huko kwao, wakasema waje leo. Wamejaa ukumbini! Mana yanje, Mungu wangu, ungemwona wifi yako. Nimemvika kitenge cha njano, kimemkaa kama malkia."

Daktari alifumba macho.

"Mama, nisikilize. Theodosia anakunywa kitu chochote tofauti na sisi? Dawa yoyote?"

"Dawa za nini? Yeye si mgonjwa."

"Chochote, mama. Majani, mizizi."

Akacheka, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri tamu.

"Ile si dawa. Ni ya kumnawirisha. Ego, ndiyo, kila binti anayeposwa kwetu ananyweshwa, hata mimi mama yangu alininywesha. Siku tatu tu, kikombe kimoja. Huyu nilianza mapema, tangu wale watu wa Kasulu walipotangaza watapima. Nilisema mashine isije ikamkataa mwanangu. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Usingeona, namnywesha wewe ukienda kwenye fomu zako."

Daktari alinyoosha mkono, akanipokonya simu.

"Mama, hujambo. Mimi ni daktari. Ni mti gani huo?"

"Ni mti wa kwetu."

"Amekunywa leo?"

"Leo nimemwongezea. Alikuwa amelegea mbele ya wageni, nikampa viwili nyuma ya nyumba. Sasa hivi amechangamka, amekaa katikati yao amempakata mjukuu wangu."

"Mama, mnyang'anye huyo mtoto umpe mtu mwingine, umlaze binti kwa ubavu. Asinywe tena hata tone. Mpe simu niongee naye."

"Nimpe simu mbele ya wakwe? Hapana, daktari. Bibi arusi haongei na simu. Subiri wale chakula."

"Mama!"

Hakuwa anasikiliza tena. Wanawake walipiga kigelegele kirefu, cha kupokea jambo lililokubaliwa. Kikapanda, kikazunguka, kikajaza kile chumba cheupe pale Kasulu mpaka karatasi za meza zikawa kama zinatetemeka.

Kikakatika katikati.

Si taratibu. Kwa mara moja, kama mtu ameziba midomo yao yote kwa kiganja kimoja.

Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia sauti ya mwanaume nisiyemjua, "Kumbe ni kweli! Ni kile kifafa cha shangazi!" Nikasikia miguu mingi ikitoka nje.

"Theodosia," mama mkwe akaita, mbali na simu. "Theodosia. We mwana wanje, mwanangu, amka, wanakuangalia."

Na chini ya sauti yake, kama aliyelaliwa na kitu kizito, nikamsikia Keza akilia. Namjua mwanangu. Kuna kilio chake cha njaa na kilio chake cha deko. Hiki sikuwahi kukisikia.

Maziwa yakanitoka yenyewe, yakalowesha blauzi mpaka mapajani. Daktari alikuwa ameshashika funguo za gari.